Uzoefu wangu: siku nne za baiskeli Cotswolds, begi likitangulia kwa gari

Kifurushi nilichotumia Cotswolds, eneo la vilima na vijiji huko Uingereza, ni cha kujiongoza mwenyewe. Kampuni inakukabidhi baiskeli, inakuwekea vyumba kwa siku tatu, inakutumia njia kwenye simu, na kila asubuhi gari lao linachukua begi lako na kulitanguliza unakolala. Kuendesha ni juu yako. Mzunguko unaanzia na kuishia Moreton-in-Marsh, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka London Paddington, na unalala Chipping Campden, Bourton-on-the-Water na Burford. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye pampu na kwenye ramani.

Kwanza ardhi yenyewe, maana tangazo lao lina maneno "wastani, kilomita 30 hadi 45 kwa siku" na hapo ndipo watu wanapoingia mtegoni. Cotswolds imekaa kama bati la paa: upande wa magharibi umeinuka ghafla, upande wa mashariki unashuka polepole. Mito midogo, Windrush, Coln na Evenlode, imeukata mteremko huo mrefu ukawa mabonde. Vijiji vimekaa chini, penye maji. Kwa hiyo ukiacha kufuata mto, kila kijiji kinachofuata kina bei yake: kutoka bonde hili, kuvuka mgongo, kuingia bonde jingine. Kilele kirefu kuliko vyote, Cleeve Hill, ni mita 330 tu, na mtu wa Lushoto atacheka. Acha acheke. Siku ya pili, yenye kilomita kama 35, inajumlisha takriban mita 600 za kupanda, vipande vifupi vikali kimoja baada ya kingine. Ukipanga siku yako, hesabu mabonde, kilomita ziache.

Njia waliyotuma kwenye simu ni mstari tu, haisemi mlima uko wapi. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), Explorer OL45, kipimo cha 1:25,000. Mzunguko wote umo. Juu ya barabara utaona vishale vidogo. Kishale kimoja ni mwinuko wa kati ya 1 kwa 7 na 1 kwa 5, yaani asilimia 14 hadi 20. Vishale viwili ni zaidi ya asilimia 20. Ncha inaelekea chini, kwa hiyo ikikutazama wewe unayekuja, badilisha gia mapema. Ramani hiyo pia inatenganisha njia za farasi na njia za miguu. Za farasi baiskeli inaruhusiwa tangu sheria ya 1968, mradi uwapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Vibao vyake vina mshale wa buluu. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao. Njia ya kampuni ilikatiza kwenye njia ya farasi mara mbili. Kiangazi ni sawa, lakini baada ya mvua ya siku mbili tope linajaa kwenye matigadi hadi gurudumu ligome. Zunguka kwa lami.

Baiskeli ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia: usukani ulionyooka, tairi za 700 kwa 38 (yaani upana wa milimita 38), breki za diski, keria nyuma. Kitu cha kukagua kabla ya kusaini ni meno. Gia ndogo ya mbele ilikuwa na meno 26 na kubwa ya nyuma 32, maana yake pedali ikizunguka mara moja gurudumu halifikishi hata mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo gia ya kukutoa Naunton, kijiji kilicho chini bondeni. Wakikuletea yenye meno 34 mbele na 28 nyuma, ikatae hapohapo, hata kama inang'aa. Na gia ya mbele ibadilishwe kabla mlima haujaanza. Ukingoja mpaka umesimama juu ya pedali, cheni iliyokazwa inaruka na kudondokea ndani, kati ya meno na fremu. Ikitokea, sukuma mkono wa gia ya nyuma kuelekea mbele ili cheni ilegee, ipachike juu ya meno madogo, kisha zungusha pedali taratibu kwa mkono. Usiivute kwa nguvu, utakwaruza fremu na utalipia.

Wana pia za mota. Kisheria Uingereza mota haizidi wati 250, inaacha kusaidia ukifika maili 15.5 kwa saa (kama kilomita 25), na mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi. Kwa anayependa mandhari kuliko jasho, hela hiyo haipotei. Ila ni nzito, na kuinyanyua mahali popote ni kazi ya watu wawili. Jambo jingine kwa ndugu wanaotoka bara Ulaya au Marekani: breki ya mbele iko mkono wa kulia. Ijaribu kwenye maegesho kabla hujakutana na mteremko.

Sasa pampu. Mfuko wa vifaa ulikuwa na tyubu mbili za akiba, vijiti viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo. Tyubu zilikuwa za vali ya Presta, ile nyembamba yenye kinati kichwani. Pampu ilikuwa imefungwa upande wa vali nene ya gari, na ile raba ya kugeuza haikuwemo. Fungua mfuko mbele yao, pachika pampu kwenye vali, jaza kidogo, ndipo uondoke. Dakika moja inatosha.

Na pancha utapata, hasa ukienda kati ya Septemba na Februari. Kando ya barabara hizi nyembamba kuna ua wa hawthorn, tuseme mchongoma wa Waingereza. Kwa kawaida ua haukatwi kati ya tarehe 1 Machi na 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga; baada ya hapo trekta zinapita na mikono yao ya kukatia, na miiba inabaki barabarani. Mwiba wenyewe ni mgumu, unazama wote, ncha inakatika ndani ya mpira. Ukitazama tairi kwa nje huoni kitu. Wengi wanabadilisha tyubu, wanajaza upepo, na baada ya kilomita moja wako chini tena. Fanya hivi: kabla ya kutoa tyubu, tia alama kwenye tairi pale vali ilipo. Jaza tyubu upepo, tafuta tundu kwa sikio au kwa shavu, pima umbali wake kutoka kwenye vali, kisha nenda sehemu hiyohiyo ya tairi. Pitisha kitambaa ndani polepole; kitanasa. Kidole kiache, kitachomwa. Sukuma ncha itoke kwa nje au ing'oe kwa kibano, ndipo uweke tyubu mpya. Kwa tairi ya upana ule, upepo wa psi 50 unatosha.

Barabara za vijijini zina upana wa gari moja na vipenyo vya kupishana. Tunaendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, hilo halina shida. Shida ni kona zilizofungwa na ua mrefu: piga kengele, shika kushoto, na katikati ya barabara kaa mbali na mstari wa changarawe ambao magurudumu ya magari huuacha. Vyuma vya kuzuia ng'ombe vinavyokatiza barabara vivuke ukiwa umenyooka, pedali zikiwa sambamba na ardhi, bila breki wala kugeuza usukani. Vikilowa, shuka utembee. Upper Slaughter kuna mahali mto unapita juu ya lami. Chini mna ukoga unaoteleza kama bamia, na daraja la miguu liko pembeni. (Slaughter kwa Kiingereza cha leo ni kuchinja, ila jina hilo halihusiani na machinjio, linatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya matope.) Barabara ya A429 iepuke hata simu ikikubembeleza kwamba ni fupi. Ni njia ya Warumi, imenyooka, na malori yanaijua.

Kipande kibaya kuliko vyote ni kushuka Saintbury kuelekea Willersey, siku ya pili asubuhi. Breki kwa kubana na kuachia, mbele na nyuma, usizishikilie mfululizo. Kutoka Broadway unapanda kilomita nne hivi hadi Snowshill, halafu raha inaanza: unafuata bonde changa la Windrush kupitia Temple Guiting na Guiting Power.

Siku ya tatu ndiyo ningeilipia tena peke yake. Northleach ingia kanisani, ni bure. Sakafuni kuna mabamba ya shaba ya wafanyabiashara wa sufu wa zama za kati, na miguu ya baadhi yao imekanyaga kondoo na magunia ya sufu. Kila jengo zuri utakaloliona kwenye safari hii limetoka kwenye mgongo wa kondoo huyo. Toka hapo ufuate mto Coln kupitia Winson na Ablington hadi Bibury. Nyumba za Arlington Row zilianza kama ghala la sufu katika karne ya 14, zikageuzwa makazi ya wafumaji karne ya 17. Mabasi ya watalii hujaa mchana, kwa hiyo ondoka Bourton mapema au ufike jioni. Mtu wa Lamu au Unguja atazitambua kuta hizi: ni mawe ya chokaa kama yetu, ila haya ya kwao yana rangi ya samli, na hata mapaa ni vipande vya mawe. Chipping Campden kuna soko la mwaka 1627 lililo wazi pande zote, kimbilio zuri la mvua, lakini sakafu yake imevimbavimba, sukuma baiskeli.

Vyumba vilikuwa safi, baiskeli zinalala bandani kwa kufuli. Begi ni moja kwa mtu, kilo 20, liwe mlangoni saa tatu asubuhi. Lilifika kabla yangu siku zote. Chakula ndiyo pa kupangia. Baa nyingi za vijijini hufunga jiko saa nane au nane na nusu mchana, na baadhi hazipiki Jumatatu. Kati ya Guiting Power na Bourton usitegemee kitu, beba ndizi na maji lita moja na nusu. Kifungua kinywa cha kawaida kina nyama ya nguruwe. Ukiwaambia wakati wa kuweka nafasi wanakupa mayai, uyoga na maharage bila neno.

Siku ya mwisho, kama kilomita 30, ni nyepesi ukishaingia bonde la Evenlode: Kingham, Adlestrop, Evenlode, Moreton. Piga picha ya kila mkwaruzo siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, kwa sababu dhamana yao huzuiwa kwenye kadi mpaka waikague baiskeli. Ukija na ya kwako, weka nafasi yake kwenye treni pamoja na tiketi, na uvue mabegi ya keria ukiwa bado jukwaani, kwani behewani inaning'inizwa kwa gurudumu na treni haikusubiri.