Iaito yangu: bapa zuri, tsuba inacheza

Mwalimu wetu wa iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, alinionya: ukiagiza mtandaoni, achana na picha, soma vifaa vimeandikwaje. Mimi nikatazama picha.

Iaito ni upanga wa mazoezi wenye umbo la katana, ule upanga wa Kijapani, ila ni butu na bapa lake ni la aloi ya zinki na alumini. Niliagiza wa shaku 2, sun 4 na bu 5 kwa vipimo vya Kijapani, yaani kama sentimita 74. Kumbe kipimo hicho ni cha bapa tu, mpini haumo! Boksi lilipofika nikadhani wamekosea mzigo.

Kwa mkono, upanga hauna lawama. Habaki, ile pete ya shaba shinani mwa bapa, imebana sawasawa mdomoni mwa ala. Ukiuinamisha hauchomoki wenyewe. Bapa lina mfereji ubavuni, na pigo likienda wima unausikia upepo ukivuma. Ukipindisha mkono kidogo, kimya. Hapo nimejifunza mengi.

Taabu ilianza wiki ya tatu. Tsuba, kinga ya mkono, ikawa inalia ka-ka-ka kila nikichomoa. Nikawaandikia wauzaji, wakajibu kwamba ni kawaida. Mwalimu alipoushika akanyamaza, akagonga mekugi ikatoka. Hiyo mekugi ni kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye mpini na kulishika bapa lisiruke. Yangu ilikuwa ya mti laini, imeshaanza kulika. Wiki tatu nimekuwa nikifyeka hewa huku wenzangu wamesimama mbele yangu! Akachonga nyingine kwa mwanzi mkavu, akabadilisha na seppa, vile vibati vya shaba vinavyokaa pande mbili za tsuba, akaweka kinene kidogo. Kelele ikaisha.

Halafu kuna suala la mpini. Tangazo lilisema chini ya kamba kuna "ngozi halisi ya papa". Kijapani huiita same, ambalo kweli ni jina la papa, lakini ngozi yenyewe hutoka kwa taa. Sisi tuliokulia pwani papa na taa hatuwachanganyi hata wakiwa wamekaushwa. Nikachungulia penye pengo la kamba: si papa, si taa, ni plastiki yenye vipele.

Nimewapa nyota 3, zote za bapa na habaki. Tangazo lao bado linasema papa.