GHC juu ya Alpine: programu ya faili moja inayofika Kalya kwa flashi

Programu inayoandikwa Kigoma mjini kwa ajili ya ghala la dagaa Buhingu au zahanati ya Kalya husafiri kwa boti, ndani ya flashi. Ikifika inatakiwa iwake palepale. Hakuna mtu wa kuanza kushusha maktaba zilizokosekana. Kwa kazi hiyo GHC, kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) ya lugha ya Haskell, ni chombo kizuri sana, ila isitumike juu ya Ubuntu bali juu ya Alpine; zote mbili ni aina za Linux.

Tatizo ni glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo programu za Ubuntu huitegemea. Programu iliyojengwa kikawaida kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, ukiipeleka kwenye 20.04, yenye 2.31, inagoma na kuandika `GLIBC_2.34' not found. Ukiilazimisha ibebe kila kitu ndani yake, itajengeka, lakini utapata onyo kuhusu getaddrinfo: kutafuta jina la seva bado kutahitaji glibc ya toleo lilelile kwenye mashine ya mwisho. Wengi hulipita onyo hilo kwa kuwa kazi imekamilika. Ni kosa kubwa, maana programu inaweza kuanguka siku ya kwanza inapotafuta mtandao. Alpine inatumia musl, maktaba nyingine ya C, na musl haina kasoro hiyo.

Ubuntu yako ibaki ilivyo, kontena (mfumo mdogo wa Alpine unaoendeshwa na Docker ndani ya Ubuntu) linatosha:

docker run -it --name jengo -v "$PWD":/kazi -w /kazi alpine:3.20 sh
apk add ghc cabal musl-dev gmp-dev zlib-dev zlib-static file
cabal update
cabal build -j1 --enable-executable-static

Usiongeze --rm. Kontena likifutika, GHC itashushwa upya, na bando lako litaisha kwa kitu ulichokwisha kulipia. Safari nyingine rudi kwa docker start -ai jengo. Ile -j1 ni kwa kompyuta za RAM ya GB 4: GHC inakula kumbukumbu nyingi, na ikizidiwa utaona neno Killed tu, bila maelezo.

Ukikuta cannot find -lz au -lgmp, maana yake faili la .a, yaani maktaba ya kubebwa ndani ya programu, halipo. Faili la .so, maktaba inayobaki nje ya programu, halisaidii hapa hata likiwepo. Angalia kwa ls /lib/*.a /usr/lib/*.a. Kisha hakikisha matokeo kwa file $(cabal list-bin exe:jina). Lazima usome statically linked, yaani imejengwa tuli, ikibeba kila kitu ndani yake.

Sasa jambo linalowasumbua waandishi wa Kiswahili kuliko wengine. Herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, orodha ya msingi ya herufi za kompyuta, kwa hiyo majaribio hupita vizuri. Halafu mtu ananakili "ng’ombe" kutoka Word, na ile alama iliyopinda ni herufi namba 8217. Kwenye mashine yenye LANG=C, mpangilio wa lugha unaojua ASCII tu, programu inakatika katikati ya ripoti kwa kosa la commitBuffer: invalid argument. Kujenga tuli hakuondoi kosa hili, kwa sababu lugha ya mfumo husomwa wakati wa kuendesha. Weka setLocaleEncoding utf8, kutoka GHC.IO.Encoding, iwe mstari wa kwanza wa main.

Saa nayo haimo ndani ya faili. Kama mashine haina data za kanda za saa, ripoti zitatoka nyuma kwa saa 3; TZ=EAT-3 inatosha, maana Tanzania haibadilishi saa. Vyeti vya HTTPS pia vinasomwa kutoka /etc/ssl/certs ya mashine husika.

Ukubwa wa faili unavumilika: amri ya strip, inayoondoa taarifa zisizohitajika, inapunguza sana. Leseni ndiyo ya kuangalia kama unauza programu bila kutoa msimbo wake, kwani GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa ambayo GHC huitumia, iko chini ya leseni ya LGPL, nayo inamtaka muuzaji ampe mteja njia ya kuunganisha upya kwa GMP nyingine. Kuna njia ya kuijenga kompaila bila GMP, kwa gharama ya kasi kwenye hesabu za namba kubwa mno, ambazo ghala la dagaa halizihitaji.

Na kama Kalya wanatumia Raspberry Pi ya biti 64, jenga kwenye Alpine ya aarch64. Faili la x86-64 halitawaka huko hata likibeba kila kitu.