Vikundi vya kina mama wanaonyonyesha: huduma ya bure, ubora wa kubahatisha

Kikundi cha kina mama wanaonyonyesha hakina bango barabarani, na kujiunga ni bure. Nchini Kenya vingi viko chini ya mpango ambao wahudumu wa afya huuita kwa herufi zake tu, BFCI (Baby Friendly Community Initiative). Ni ule mpango wa hospitali zinazomjali mtoto, uliozinduliwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, ukateremshwa hadi kijijini na mtaani. Sababu ya kuuteremsha inaeleweka. Mama akijifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili, na maziwa hujaa siku ya tatu au ya nne. Ziwa likishakaza kama jiwe na mtoto hawezi kulikamata, muuguzi yuko mbali, na aliye karibu ni jirani mwenye chupa.

Mpangilio ni mwepesi. Kuna mhudumu wa afya ya jamii anayesimamia eneo, na kuna mama kiongozi, kwa kawaida mwenyeji aliyenyonyesha watoto wake na kupewa mafunzo. Wanakutana mara moja kwa mwezi: nyumbani kwa mmoja wao, kanisani, chini ya mwembe, popote penye kivuli. Kina mama 10 hadi 15 ndiyo idadi inayobebeka. Wakizidi hapo, wa nyuma wanakuja kusikiliza tu. Wajawazito pia wanakaribishwa, na kwa maoni yetu hao ndio wenye faida kubwa, maana wanaona kabla ya kuhitaji.

Kipimo chetu ni kimoja. Katika kikao hicho, je, kuna mtu anayekaa kando ya mama na kumtazama mtoto akinyonya, tangu anapolikamata ziwa hadi anapoliachia mwenyewe? Kikundi kinachofanya hivyo hakina mfano wake kwa bei yoyote. Kisichofanya hivyo ni hotuba, na hotuba yenyewe, miezi 6 maziwa ya mama pekee, hata maji usimpe, kila mama ameisikia kliniki hadi akaikariri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulikuta asilimia 13 tu ya watoto walio chini ya miezi 6 wakipewa maziwa ya mama pekee. Ule wa 2014 ukakuta 61, na wa 2022 asilimia 60. Tunavyosoma sisi takwimu hizo, ujumbe ulishafika. Waliobaki wanahitaji mtu wa kuwashika mkono.

Mama kiongozi anayeijua kazi yake haanzi na ziwa. Anaanza na mgongo wa mama: umeegemea? Miguu imekanyaga chini? Mama anayeinama kumfuata mtoto huchoka upesi na kumwachisha kabla hajashiba. Kisha anamtazama mtoto. Kichwa, shingo na kiwiliwili viko kwenye mstari mmoja, tumbo limegusana na la mama, pua inaelekea chuchu. Chuchu inapitishwa kwenye mdomo wa juu, wanangoja apanue kinywa kama anayepiga mwayo, na hapo hapo anavutwa karibu. Mtoto ndiye anayepelekwa kwenye ziwa. Akishakamata, mambo manne huonekana kwa macho: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa ziwa, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Ufyonzaji wa haraka wa mwanzo unageuka wa polepole na wa kina, na unamsikia akimeza. Mashavu yakibonyea ndani, au ulimi ukitoa sauti ya kudatadata, hajakamata sawasawa.

Akiachia, angalia chuchu. Ikiwa mviringo, vizuri. Ikitoka imebanwa upande mmoja kama lipstiki mpya, ilikuwa inasagwa kwenye kaakaa, na michubuko huanzia hapo. Mitaani michubuko hulaumiwa kwa ngozi laini ya mama au kwa mtoto "mkali". Mara nyingi sana ni namna alivyolikamata ziwa. Dawa ni kupenyeza kidole kisafi pembeni mwa kinywa ili mvuto ukatike, kumtoa, na kuanza upya hata mara tano. Sabuni isiguse chuchu. Tone la maziwa linapakwa baada ya kunyonyesha na kuachwa likauke.

Vikundi vilivyojipanga huwa na mwanasesere na ziwa la soksi: soksi ya kahawia iliyojazwa pamba, chuchu ikafungwa kwa uzi. Linachekesha, na ndiyo maana linafaa. Mjamzito hufanya mazoezi mbele ya watu bila kufungua kifungo.

Kwa ziwa lililojaa hadi likakaza, ushauri sahihi ni kukamua kidogo kwanza, kiasi cha kulainisha ule weusi ili mtoto apate pa kushika, kisha kunyonyesha, na baadaye kuweka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Ushauri mbaya, unaosikika hata vikaoni, ni "lipumzishe." Ziwa lililopumzishwa likiwa limejaa linaweza kuvimba na kuishia kuwa jipu.

Swali linalokula nusu ya kikao ni "maziwa yangu hayatoshi." Hapa ndipo utajua umeketi na nani. Mama kiongozi mzuri hajibu, anauliza. Mtoto ana siku ngapi? Jana amelowesha nepi ngapi? Kuanzia siku ya tano nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, na choo kilichobadilika kuwa cha manjano, ni dalili kwamba maziwa yanaingia. Kisha anafungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto na kuusoma mstari wa uzito. Kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida. Kufikia wiki mbili uzito wa kuzaliwa uwe umerudi. Kulia peke yake hakupimi chochote, maana mtoto hulia kwa joto, kwa nepi, na kwa kutaka kupakatwa tu.

Kikundi dhaifu hurukia chakula. Njahi, yale maharagwe meusi, huko bara, uji wa pilipili manga na supu ya pweza Pwani: hatuna ugomvi navyo, mzazi anahitaji kula na kunywa vya kutosha. Ila ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kila chupa ya maziwa ya kopo anayopewa "ili mama apumzike" ni zamu moja ambayo ziwa halikuombwa kitu, na baada ya wiki moja ya zamu hizo malalamiko ya mwanzo yanakuwa kweli.

Mahali huduma hii inapofeli waziwazi ni kwa mama anayerudi kazini. Vikao vingi ni saa za asubuhi katikati ya wiki, yaani mwenye ajira hafiki. Likizo ya uzazi kwa sheria ya Kenya ni miezi 3 na mapendekezo ya kunyonyesha ni miezi 6. Pengo hilo halihitaji hesabu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye pa kunawia mikono, friji au kipoozeo, kiti cha starehe, meza ndogo na soketi ya pampu, na kisiwe chooni. Mama anapewa pia muda wa kukamua au kunyonyesha, nje ya ule wa chakula, usiozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Mambo haya yangestahili kikao kizima. Vikundi vingi haviyagusi. Na mama mboga au mfanyakazi wa nyumbani, ambao chumba hicho hawatakiona, wanahitaji zaidi ujuzi wa kukamua kwa mkono, ambao nao hufundishwa juujuu.

Kukamua kwa mkono kunafanyika hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Sugua ziwa taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi, na chuchu yenyewe isivutwe, kwani kuivuta hakutoi maziwa bali maumivu. Mwanzoni hakitoki kitu, na wengi hukata tamaa hapo hapo, endelea. Yakipungua, baada ya dakika 3 hadi 5, hamia ziwa la pili, zungusha vidole pande zote, kisha rudi la kwanza. Shughuli nzima ni dakika 20 hadi 30. Pampu ya mkono inasaidia kwa mwenye uwezo, lakini zile za bei ya chini zenye mpira kama honi ya baiskeli usinunue: ndani ya mpira hapasafishiki.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba chenye nyuzi joto zisizozidi 25, kwa hiyo Mombasa au Garissa mchana usiyategemee muda huo. Kwenye friji, siku 4. Yaliyogandishwa yakishayeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye maji ya moto. Sufuria na maikrowevu hapana. Mlishaji atumie kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa, maziwa yaguse tu mdomo wa chini ayalambe mwenyewe. Kumwagia kinywani kunampalia.

Kuna mengine mawili ya kuchunguza kabla hujajiunga. Vikundi vingi hugeuka chama. Kuweka akiba pamoja kunawafanya watu waje, hilo tunalikubali, lakini pesa zikianza, mtoto anayelia pembeni anakuwa kero. Pesa ziwe mwisho. La pili ni faragha. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe kama wengine, miezi 6 maziwa pekee, kisha aendelee huku mtoto akipewa vyakula vya nyongeza, na hali yake si ya kuzungumzwa kikaoni. Kwa sababu hiyo hiyo ya maambukizi, mtindo wa kunyonyesheana watoto usikubaliwe bila ushauri wa kliniki. Benki ya maziwa iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019 huwapima watoaji na kuyapasha maziwa kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Chini ya mwembe hakuna anayeweza hayo. Na akitokea mgeni mwenye chupa au makopo ya kugawa bure, sheria ya 2012 ya vibadala vya maziwa ya mama inakataza. Mama kiongozi anayempa nafasi ya kuzungumza amekosea.

Tukijumlisha yote, kikundi cha kawaida tunakipa nyota 3 kwa 5. Chenye mama kiongozi anayetazama mtoto akinyonya, 5, hata kama mnakaa juu ya mkeka uliotoboka. Nyota zinazopotea mara nyingi si kosa la mama kiongozi, ambaye anaacha shamba au biashara yake kwa kazi isiyolipwa. Akichoka, kikundi hufa pamoja naye.

Kukipata, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu, au muuguzi siku ya kliniki ya wajawazito. Nenda mimba ikiwa na miezi 7. Ukingoja chanjo ya wiki ya 6, huenda bibi ameshaanza maji ya sukari. Beba kijitabu, leso, na mtoto mwenye njaa kiasi, maana aliyeshiba hana cha kuonyesha. Ila joto la mwili kwa mama pamoja na ziwa jekundu lenye maumivu lisilotulia ndani ya saa 24, mtoto anayelala bila kuamkia ziwa, macho ya manjano, au nepi kavu siku nzima: hayo usiyapeleke kikaoni, yapeleke hospitali siku hiyo hiyo.