Gundi ya chuma J-B Weld kwenye gramafoni la zamani: inashika kweli, ila wengi mnaipaka pasipofaa

Oya wakuu, karibuni tena, tupo hapa hapa Arusha, baridi ya Julai inapiga mpaka mikono inagoma, na hiyo baridi nitaidai baadaye maana inahusika na gundi.

Leo ni J-B Weld, ile ya tyubu mbili, ya kawaida siyo ya kukauka haraka. Kuchanganya nusu kwa nusu mnajua, kusafisha na spiriti mnajua, turuke. Ninachokipenda mimi ni uvivu wake! Inaanza kushika baada ya saa 4 hadi 6, kwa hiyo kipande ukikiweka kimepinda unakirudisha taratibu, unapima, unakirudisha tena, supagluu ingekuwa imeshakuhukumu zamani.

Sogezeni macho hapa. Hiki ni kitako kinachobeba mkono wa gramafoni ya mkoba, kimevunjika vipande viwili. Gundi peke yake hapa haitoshi, uzito wote wa mkono unakaa hapa. Nimechukua spoki ya baiskeli, unene wake milimita 2, nikatoboa kila upande kwa biti ya 2.5 ili gundi ipate nafasi ya kuzunguka, nikapaka tundu zote mbili, spoki ndani, nikabana. Ona inavyofura pembeni, ziada hiyo usiifute, kesho ikishakuwa jiwe unaipiga tupa inakaa kama chuma, na hata uzi wa skrubu unakata humo. Kampuni inasema saa 15 hadi 24 ikomae, lakini kwa baridi hii ya kwetu aisee mpe siku mbili, au mweke chini ya balbu ya zamani ile inayotoa joto. Wa Moshi mjini nyie hamna shida hiyo, jua mnalo.

Sasa kinachoniudhi. Mnanitumia picha za vichwa vya sindano, kile kidude cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano na kutoa sauti, hasa vya gramafoni za HMV, namba 4, vimevimba na nyufa kama tope lililokauka, eti "fundi nipake gundi?" Usipake! Hiyo ni zinki ya kumimina, na zinki ya miaka ile ilikuwa na uchafu wa risasi, ile metali laini nzito siyo ya bunduki, inajikusanya kati ya chembe za zinki, unyevu ukiingia zinki inaliwa kwa ndani, kipande kinatanuka chenyewe. Mpaka 1929 Wamarekani wa New Jersey Zinc walipotoka na Zamak, mchanganyiko wa metali unaotengenezwa kwa zinki safi kabisa. Gundi itashika vizuri tu, ila chuma chini yake kinaendelea kuvimba na kupasuka pembeni. Kwaruza na sindano hivi... mmeona unga wa kijivu? Hicho kimekwisha. Tena kikivimba kinabana ile pini ya sindano, haichezi, inatafuna santuri. Mtu ana santuri ya Siti binti Saad ya Bombay 1928 anaiweka chini ya kitu kama hicho, chalii yangu, utalia.

Dawa ni kuchongesha kipya cha brasi, na usimpe fundi wa leth vipimo vya kile kilichovimba maana atakuchongea kikubwa, pima ile sehemu ya mkono kinapochomekwa.

Na hapana, usinunue badala yake yale magramafoni mapya ya honi ya kung'aa wanayouziwa watalii, nimeshasema kwenye video nyingine sitaki ugomvi tena.

Bei ya hii gundi imepanda kidogo, bado ni rahisi kuliko kutafuta kipande cha zamani. Ila kagua boksi, feki zipo, duka moja waliniuzia ambayo ilibaki kama uji wiki nzima.

Jumapili live ya springi. Gonga kengele, na kama unamjua fundi wa kumimina brasi Moshi, maana wa hapa Arusha, mtaa wa Unga Limited, ana foleni, tupia namba inboksi.