Makluba ya Amman: agiza sufuria, usiagize sahani

Huu ni mwaka wangu wa pili nasoma Kiarabu hapa Amman, Jordan. Makluba ya kwanza niliila kwenye mgahawa mmoja mjini: wali uliopakuliwa kwa upawa, vipande viwili vya bilingani juu, paja la kuku pembeni. Wali wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini makluba maana yake ni "iliyopinduliwa", na pale hakikupinduliwa kitu.

Aliyenionjesha yenyewe hasa ni mama mmoja wa Kipalestina, anapika kwa oda nyumbani kwake mtaa wa Jabal al-Hussein. Unamwambia Alhamisi, unaifuata Ijumaa baada ya swala. Sufuria ya watu wanne, nyama ya kondoo, dinari 18. Kwa wanafunzi si pesa ndogo, tulichanga.

Nilimwomba nikamtazame akipika. "Njoo binti yangu, ila kifuniko usikiguse." Nyama alishaichemsha na mdalasini na iliki, supu kaiweka kando. Mabilingani, koliflawa na viazi akavikaanga kila kimoja peke yake mpaka vikaiva rangi. Chini ya sufuria akapanga nyanya, juu yake nyama, halafu mboga, mwisho mchele wa Misri, ule wa punje fupi. Wengi siku hizi wanatia basmati. Yeye hataki, anasema hausimami. Supu akaimimina juu ya kisahani alichokilaza kwenye mchele, ili ule mpango wa chini usivurugike.

Ikaiva, akazima moto, akaiacha robo saa nzima. Hapo ndipo wengi wanapoiharibu kwa haraka. Kisha sinia juu ya mdomo wa sufuria, kitambaa mikononi, bismillahi, akapindua. Akaigonga tako kwa mwiko, akangoja tena, ndipo akainyanyua taratibu. Ilisimama kama ngoma! Kipande kimoja cha koliflawa kilibaki kimegandia sufuriani. Akakibandua kwa vidole, akakirudisha kwenye pengo lake, akamwagia lozi za kukaanga.

Haina pilipili hata chembe, kwa hiyo aliyezoea pilau na kachumbari kali asitegemee kuwashwa. Utamu wake uko kwenye bilingani lililolainika likaingia ndani ya wali, na nyanya zilizoshika chini kidogo. Inaliwa na mtindi wa baridi, na usiuache, kwa sababu mafuta ni mengi. Kiporo chake sikukipenda: koliflawa ikipashwa moto inatoa harufu nzito.

Ile ya kwanza kutoka kwake tuliibeba kwenye teksi ikiwa imeshapinduliwa, na mpaka tunafika imekuwa wali wa kawaida tu. Siku hizi namwomba anipe na sufuria yake, naipindua mwenyewe chumbani wenzangu wakitazama, na Jumamosi namrudishia ikiwa imesuguliwa.