TAHADHARI NAKURU: Kijana wa mwavuli anayesajili watu SHA

Wana Nakuru, kama wewe au mzazi wako alisajiliwa SHA (bima ya afya ya serikali) na yule kijana wa mwavuli wa kijani karibu na steji ya magari ya Molo, soma hii kabla hujalala.

Mwezi wa pili nilimpeleka mama pale. Tulitozwa shilingi 100, nami sikujua kwamba kujisajili ni bure, hata kwa simu ndogo ya kabambe ukipiga *147#. Alipiga picha kitambulisho cha mama mbele na nyuma kwa simu yake mwenyewe, akampiga na picha ya uso, akamfungulia na akaunti ya eCitizen, ile ya huduma za serikali mtandaoni, ambayo hatukuiomba. Kisha akatoa daftari la mraba, lile la hesabu za watoto wa shule, akaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na namba ya siri. Juu ya jina la mama ukurasa ulikuwa umejaa majina ya watu. Nilipomuuliza akasema, "Mama akisahau si atarudi kwangu nimsaidie?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Wiki tatu baadaye mama akaanza kupigiwa simu za kudaiwa mkopo asioujua. Nikapiga *106# kwenye laini yake ya Safaricom, ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, nikakuta kina laini mbili ngeni. Siwezi kuapa kwamba ni kijana huyo aliyezisajili, lakini mwaka huu mama hajampa mtu mwingine kitambulisho.

Ingia eCitizen kwa simu yako ubadilishe namba ya siri. Angalia pia barua pepe iliyowekwa. Ya mama ilikuwa ya kijana, kwa hivyo hata tungebadilisha namba ya siri mara kumi, angeweza kuomba nyingine na ingemfikia yeye. Ukikuta laini ngeni, nenda duka la Safaricom na kitambulisho chenyewe zifutwe. Anayehitaji msaada aende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, na yanafaa kuamuliwa ndani ya siku 90. Sisi tayari tuna namba ya OB (kitabu cha matukio) kutoka polisi.

Jana saa nne asubuhi bado alikuwa pale, na foleni yake ni wazee tu. Kama jina lako limo kwenye daftari lile, niandikie tupeleke malalamiko pamoja.