Pikipiki ya zamani: ukaguzi wa Uingereza au wa Ujerumani?

Uingereza imechagua kumwamini mwenye pikipiki. Tangu Mei 2018, pikipiki iliyotimiza miaka 40 haihitaji ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, mradi haijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Kodi ya barabara nayo ni sifuri, ila lazima uiombe. Lakini ukikamatwa barabarani na chombo cha hatari, faini inaweza kufika pauni 2,500.

Ujerumani inaanzia miaka 30, nayo haikuachii hivi hivi. Mtaalamu anayetambulika huikagua kwanza, athibitishe kuwa imetunzwa vizuri na haijapoteza uasili wake, ndipo upate kibao cha namba chenye herufi H mwishoni. Ukaguzi wa kila miaka miwili unaendelea kama kawaida. Kodi ya pikipiki yenye H ni euro 46.02 kwa mwaka, na hapo wengi hukosea hesabu: pikipiki ya kawaida hulipa euro 1.84 kwa kila sisi 25 (cc, yaani ujazo wa injini), kwa hiyo BMW R 25 yenye injini ndogo ya sisi 247 italipa kama euro 18 tu bila H. Faida ya kodi huanza ukivuka sisi 625.

Mimi nauunga mkono utaratibu wa Kijerumani. Gonga spoki za gurudumu moja moja kwa bisibisi: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Mmiliki aliyeizoea pikipiki yake haisikii tena sauti hiyo, ndiyo maana linahitajika sikio la mkaguzi. Ukiwa Uingereza, ipeleke MOT kwa hiari, inaruhusiwa.